Vumbi Kwenye Supu

Korogwe nzima hakukuwa na fundi aliyetoboa zege kwa kasi kama Hussein Semboja, wala aliyetoka kazini mchafu kama yeye. Akishamaliza ukuta mmoja, nyusi zimekuwa nyeupe, masikio yamekuwa meupe, na mikunjo ya shingo imejaa unga wa saruji utadhani alilala ndani ya mashine ya kusaga. Naye hakuona haya. Alipita hivyo hivyo barabarani kurudi kwake Old Korogwe, drili begani, akisalimia watu kushoto na kulia.

"Kazi ni vumbi," alizoea kusema. "Fundi msafi ni karani."

Mkewe, Mwaija, hakuupenda msemo huo hata kidogo. Yeye ndiye aliyefua. Yeye pia ndiye aliyekuwa akimsikia alfajiri, kabla ya sala, akikohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

"Kifua hicho, baba Maryamu," angesema.

"Baridi tu hii."

"Baridi gani, na Korogwe hii tunalala milango wazi?"

Hussein angegeuka upande wa pili, na mambo yangeishia hapo.

Basi mwaka jana, miezi ile ya joto kali, mama Agripina akamwita. Huyu alikuwa mwanamke wa milimani, Msambaa aliyeshuka Korogwe miaka ishirini iliyopita na karai moja la chapati, na sasa alikuwa na hoteli ya chakula kule Kilole, chini ya ghorofa, meza nane na wateja wasiokatika. Shida yake ilikuwa joto. Wateja walikula huku jasho likidondokea kwenye sahani. Akanunua mapangaboi mawili, yakamkalia ndani ya maboksi kwa kukosa wa kuyafunga, kwa sababu dari lile lilikuwa zege tupu na misumari ya kawaida ilipinda tu.

"Njoo Jumapili," alimwambia Hussein. "Nitakuwa kanisani, hoteli imefungwa, vyombo vimefunikwa. Ufunguo nitauacha kwa jirani. Fanya vumbi lako hadi uchoke."

Hussein akakubali. Lakini Alhamisi yake alikuwa na kazi Mashewa, na kazi ile ikakwama kwa sababu mchanga haukufika. Saa nne asubuhi akajikuta amesimama Kilole na ngazi yake, mikono inamwasha. Hussein hakuwa mtu wa kukaa bure.

"Dakika tano tu, mama," alisema akiwa ameshaifungua ngazi katikati ya hoteli. "Natoboa, nakaza, nimeondoka. Hutasikia kitu."

"Hussein, kuna watu wanakula."

"Waendelee kula. Mimi niko juu, wao wako chini. Tunagombania nini?"

Mama Agripina alikuwa na chapati mbili jikoni zinataka kugeuzwa. Akakimbilia chapati. Aliposikia drili inanguruma ilikuwa imeshapita hatua ya kukatazwa.

Dari lile lilikuwa zege la miaka mingi, gumu kama jiwe la kusagia, na zege gumu halitoki kwa mabonge, hutoka kwa unga. Unga ule ukamwagika kwanza mstari mmoja mwembamba, kisha ukatanuka, ukapanda, ukashuka, ukageuka ukungu. Mwalimu Mdoe, aliyevaa suti ya Kaunda mpya kwa ajili ya kikao cha wazazi, alikuwa amekaa chini ya ngazi kabisa na bakuli la supu ya ng'ombe. Aliinua kijiko, akakiangalia, akakirudisha.

"Niliagiza supu," alisema taratibu. "Huu ni uji."

Benedicto, muuza mbegu wa duka la pili, alicheka mpaka akakohoa, halafu akagundua kwamba hata chai yake imekuwa nzito. Kwenye kabati la vioo, chapati ishirini na tatu zilikuwa zimepakwa poda. Sufuria la supu halikuwa na mfuniko. Wala la maharage. Hussein, huko juu, macho ameyafumba kama desturi yake, alikuwa amelifikisha tundu la kwanza nusu na ameanza la pili, mama Agripina alipotokea jikoni na upawa mkononi.

"Shuka."

"Mama, nimebakiza kidogo tu hapa..."

"Nimesema shuka, Hussein, kabla sijaiondoa hiyo ngazi na wewe ukiwa juu yake."

Akashuka. Hakuna aliyecheka wakati ule, maana uso wa mama Agripina haukuruhusu. Alilibeba sufuria la supu yeye mwenyewe, akaenda kulimwaga nyuma. Akarudi akabeba la maharage. Akafunga mlango, akaosha kila kijiko na kila meza, na hoteli haikufunguliwa tena hadi jioni. Hussein aliomba asaidie hata kufagia. Alijibiwa kwamba msaada atakaoutoa ni kuonekana akienda.

Korogwe si mji mkubwa. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika stendi, na kufikia Ijumaa Hussein alikuwa na jina jipya: Wingu. "Wingu linakuja, funikeni masufuria!" walimpigia kelele madereva wa bodaboda. Alicheka nao, maana ukikasirikia jina umelipalilia. Lakini kazi za mjini zikapungua. Mtu aliyekuwa na ukuta wa kutobolewa sebuleni alikumbuka makochi yake, akatafuta fundi mwingine. Na matundu mawili yaliyoishia njiani yalibaki kwenye dari la mama Agripina, yakiwatazama wateja, na kila mgeni aliyeuliza alisimuliwa upya.

Kilichomuuma Hussein zaidi hakikuwa jina. Kilikuwa lile sufuria. Alijua mwanamke yule huamka saa ngapi kuliweka motoni.

Wiki ya tatu, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya kike asiyoijua.

"Shikamoo, fundi. Mimi naitwa Asnath, niko Handeni. Nimepewa kazi ya kufunga rafu za chuma kwenye chumba cha dawa, zahanati moja hapa mjini. Matundu sitini, ukuta wa zege. Nimeambiwa wewe una mkono mwepesi."

"Marahaba. Hukuambiwa lingine?"

"Nimeambiwa," alisema Asnath, na Hussein akasikia kicheko kikizuiwa. "Njoo hivyo hivyo."

Alimkuta mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, kilemba kimefungwa kikakazwa, miwani ya plastiki usoni na barakoa shingoni. Alikuwa amesomea ufundi Tanga na kuzunguka na wakandarasi kabla ya kujitegemea. Pembeni yake sakafuni palikuwa na kitu kama pipa dogo lenye magurudumu, na kutoka kwenye pipa lile mpira mnene ulipanda hadi kwenye drili. Mbele ya drili, kuizunguka ile ncha ya kutobolea, palikuwa na kikombe cha mpira mweusi, mdomo wazi.

Hussein akakizunguka kitu kile mara mbili.

"Hii drili inaumwa?" aliuliza. "Naona imewekewa mipira kama mgonjwa."

"Inafyonza vumbi."

"Vumbi la zege halifyonzwi, mwanangu. Vumbi la zege ni kama moshi. Lina akili zake."

Chumba kile hakikuwa kitupu. Muuguzi Rhoda, gauni jeupe pe, alikuwa amekaa mezani akihesabu vidonge kwenye sinia la bati, hatua mbili tu kutoka ukutani. Hussein akamwambia kwa upole atoke kwanza. Rhoda akasema alishaambiwa hakuna haja, na ana wagonjwa wanasubiri. Asnath akapandisha barakoa, akawasha lile pipa kwanza, likaanza kuvuma. Akakikandamiza kikombe ukutani mpaka kikakaa sawa pande zote. Ndipo akaivuta drili.

Hussein akafumba macho na kushikilia pumzi, kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. Akasubiri. Drili ikalia, ikazama, ikanyamaza. Alipoyafumbua macho, muuguzi Rhoda alikuwa bado anahesabu: "...sabini na nane, sabini na tisa, themanini." Gauni lake lilikuwa lile lile. Ukutani palikuwa na tundu jeusi, safi, na chini yake sakafu ilikuwa kama ilivyofagiliwa asubuhi.

"Toboa lingine," alisema Hussein.

Akatoboa lingine. Hussein akapiga magoti, akapitisha kiganja sakafuni, akakigeuza akakitazama.

"Nipe mimi."

Hapo ndipo Wingu alipojidhihirisha tena, maana haraka ya mtu haiondoki kwa siku moja. Aliivuta drili kabla kikombe hakijakaa vizuri, ikabaki nafasi upande wa chini, na pumzi moja ya vumbi ikatoka hapo ikampiga puani. Alipiga chafya tatu. Rhoda akafunika sinia lake kwa mikono miwili, akamwangalia juu ya miwani.

"Usiipeleke kama unakimbizwa," alisema Asnath. "Washa pipa kwanza. Kikombe kibusu ukuta, mzunguko wote. Halafu toboa. Ukimaliza, usiondoe papo hapo, hesabu mpaka tano, liache limalizie lililobaki ndani ya tundu. Na ukisikia pipa linalia kwa taabu, chujio limejaa. Likung'ute nje, na barakoa ukiwa umevaa."

Tundu la pili likatoka safi. La kumi lilikuwa safi kuliko la Asnath, au Hussein alidai hivyo. Akagundua na jambo lingine ambalo hakulitegemea. Bolti ziliingia na kushika mara moja, hazikuzungukazunguka. Alikumbuka rafu moja huko nyuma iliyomng'okea, na jinsi alivyoilaumu bolti kwamba ni feki. Sasa akaanza kushuku kwamba tundu lile lilikuwa limejaa unga, na bolti ilikuwa imeshika unga.

Mchana walikaa kivulini, nyuma ya zahanati, wakila viazi vya kuchemsha. Hussein akakohoa. Asnath akasubiri amalize.

"Baba yangu alipasua kokoto miaka kumi na minane," alisema. "Kule kwetu. Mwisho alikuwa akipanda kilima kidogo tu anakaa chini mara nne. Daktari alisema vumbi la mawe likishaingia mapafuni halitoki. Zege nalo ni mawe hayo hayo."

Hussein aliangalia kiazi chake.

"Yuko hai?"

"Yuko. Ila kanisani siku hizi anabebwa kwa pikipiki, na ni karibu na nyumbani kama hapa na pale getini."

Siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, tundu la sitini lilikuwa limekwisha na rafu zote ziko ukutani. Hussein alikuwa amekaa na swali tangu asubuhi.

"Kesho una kazi na hilo pipa?"

"Kesho ni Sabato. Mimi ni Msabato, fundi. Jua likizama leo sishiki hata bisibisi."

"Wewe hushiki. Na mashine?"

Asnath akafikiri, kwa uzito unaostahili.

"Amri imemtaja ng'ombe, imemtaja punda, imemtaja na mgeni aliye ndani ya malango," alisema. "Drili sikuiona. Ichukue, lakini Jumapili saa mbili iwe hapa."

Jumamosi saa sita mchana hoteli ya mama Agripina ilikuwa imejaa. Watu waliotoka sokoni, Benedicto na mwalimu Mdoe kwenye meza yao ya siku zote, mvuke wa wali, joto la kukausha nazi. Hussein akasimama mlangoni na ngazi begani na lile pipa nyuma yake. Kisha, kama waliopewa ishara, watu wakaanza kufunika sahani kwa viganja.

Mama Agripina akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga.

"Hapana," alisema.

"Mama, sijasema kitu."

"Na mimi nimeshajibu."

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Hussein, na sauti yake ilibadilika kidogo, hata Benedicto akaacha kutabasamu. "Uliniambia Jumapili nikaja Alhamisi. Ukaniambia kuna watu nikakujibu upuuzi. Supu yako ilimwagwa kwa sababu yangu. Nilikosa, mama."

Mama Agripina hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kugombana.

"Haya. Nimekusikia. Basi njoo kesho nikiwa kanisani."

"Kesho mashine hii hairuhusiwi kuwa hapa. Nipe leo. Niletee sahani ya bada, ule ugali wako wa muhogo, na samaki, uiweke hapa hapa chini ya tundu, wazi. Ikianguka chembe moja ya vumbi, unimwagie kichwani, na wote hawa mashahidi."

"Mmwagie!" alidakia Benedicto. "Mimi nashuhudia bure."

Watu wakacheka, na mama Agripina aliyekuwa akichemka kwa joto mwezi mzima akatazama juu kwenye yale matundu mawili, akatazama maboksi ya mapangaboi yaliyogeuzwa meza ya kuwekea bilauri. Akaingia jikoni. Akatoka na sahani: bada limekunjwa vizuri, linang'aa, samaki wa nazi pembeni. Akaiweka chini ya ngazi, akasimama na upawa wake. Mwalimu Mdoe akaondoka na bakuli lake hadi mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Hussein akapanda. Safari hii hakuwa na haraka. Akavaa barakoa na miwani, akawasha pipa, akakisukuma kikombe kwenye dari mpaka kikabusu mzunguko wote, akaivuta drili. Kelele zilikuwa zile zile. Watu waliinua nyuso wakasubiri ukungu. Drili ikazama, ikafika, ikanyamaza. Hussein akahesabu mpaka tano, midomo ikionekana kuchezacheza nyuma ya barakoa. Akahamia tundu la pili. Akatoboa na ya upande wa pili, ya lile pangaboi jingine.

Mama Agripina akainama juu ya sahani. Akaitazama kama anayetafuta mwiba. Akapitisha kidole kwenye meza ya karibu, akakiangalia kwenye mwanga, akakilamba.

"Chumvi tu," alisema.

Hoteli ikalipuka kwa makofi. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuridhishwa kwa jambo moja. Hussein alipokwisha kukaza ndoano kwenye dari, akamnyooshea upawa.

"Na hiyo ndoano itashika? Nisije nikamwagiwa pangaboi zima badala ya vumbi."

"Itashika watu wawili."

"Sitaki wawili. Nionyeshe mmoja."

Hussein akapitisha kamba kwenye ndoano, akaishika kwa mikono miwili, akaiacha ngazi. Akaning'inia. Ndoano haikutikisika. Akaanza kubembea kidogo, kwa furaha ya mtu aliyekuwa na mwezi mbaya, mbele, nyuma, mbele. Ndipo kandambili ya mguu wa kulia ikalegea, ikageuka hewani mara moja, ikatua katikati ya bada kwa kishindo kidogo, samaki akaruka.

Hussein, akiwa bado ananing'inia, akaangalia chini.

"Hilo," alisema, "si vumbi."

Mama Agripina ndiye aliyeanza. Alicheka akashika meza, akacheka mpaka upawa ukamwanguka, mpaka akakaa kwenye kiti cha mteja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya mchana. Mwalimu Mdoe alirudi ndani na bakuli lake, machozi yakimtoka. Benedicto akataka kujua, kwa sauti, kama kandambili imo kwenye makubaliano ya kumwagiwa kichwani au haimo. Kesi ikajadiliwa meza zote nane. Hukumu ikatoka kwamba haimo.

Mama Agripina akamletea sahani nyingine, samaki wawili safari hii, na akaisimamia yeye mwenyewe mpaka akala. Saa nane mapangaboi yote mawili yalikuwa yanazunguka, na karatasi za menyu zikaruka mpaka nje. Wateja waliokwisha kula walikataa kuondoka. Wengine waliinua mashati kidogo tumboni, wakafumba macho.

Jumapili saa mbili kamili pipa lilikuwa Handeni. Asnath aliposimuliwa habari ya kandambili alisema siku nyingine akija kuazima mashine, aje amevaa viatu.

Leo wanafanya kazi pamoja, yeye akichukua kazi za Handeni na Hussein za Korogwe, na mwezi wa sita Hussein akapata pipa lake mwenyewe, lenye kikombe cha mpira mwekundu. Kikohozi hakijakwisha chote. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwambia ameacha kuvuta vumbi mapema kiasi cha kushukuru, na barakoa asiivue hata akiwa na pipa bora kiasi gani. Mwaija alikwenda naye siku hiyo, akakaa mbele, akauliza maswali yote ambayo mumewe asingeyauliza.

Jina la Wingu halikuondoka, ila siku hizi mtu akilitamka ni kwa kumwita kazini. Akienda mbali, hupanda bodaboda ya dereva mmoja aitwaye Habakuki, Hussein nyuma na pipa katikati yao, limefungwa khanga ya Mwaija lisichubuke. Juzi wakielekea Mashewa kutoboa ofisi ya shule, bibi mmoja kando ya njia aliwasimamisha akauliza huyo mtoto mnene anaumwa nini mpaka kafunikwa hivyo.

"Haumwi, bibi, shikamoo," alijibu Hussein. "Ana njaa. Tunampeleka kula ukuta."

Bibi akawatazama wote watatu, akasema Mungu amponye, wakaondoka.